Ndovu wa Agosti, Nyasi za Aprili

Kila anayetaka kwenda Amboseli kutazama wanyama hupewa ushauri uleule: nenda kiangazi. Nenda kati ya Julai na Oktoba, au ngoja Januari na Februari. Ushauri huo ni sahihi. Miezi hiyo uwanda wote huwa vumbi jeupe, na katikati ya vumbi hilo pana ukanda wa kijani usiotarajiwa, vinamasi vya Enkongo Narok na Longinye. Ndovu huzama humo hadi tumboni waking'oa matete na nyasi za majini. Viboko huibua pua na kutoweka tena. Nyati hula huku yangeyange wakiwafuata unyounyo kudaka wadudu wanaotimuliwa na kwato, na kando ya maji husimama korongo wenye taji, kwarara, mwari na bata wa kila namna, maana aina za ndege zilizoorodheshwa Amboseli zinapita 400. Mgeni huketi garini asubuhi moja akaona wanyama ambao kwingineko angewasaka juma zima. Hoja ninayotaka kuitetea jioni hii ni kwamba wingi huo haukuumbwa kinamasini. Mnyama anayeonekana majini mwezi wa Agosti alinenepa Aprili kwenye nyasi za nchi kavu, nje ya hifadhi, juu ya ardhi yenye mwenyewe, na mwenyewe huyo ndiye ambaye fedha za getini hazimfikii. Tukiendelea kulipia maji na kusahau nyasi, tutabaki na kinamasi kizuri kisicho na wa kukijia.

Tuanze na maji yenyewe, kwa kuwa yamezungukwa na hadithi. Amboseli iko kaskazini mwa Kilimanjaro, upande ambao mawingu hufika yakiwa yamekwisha kumwaga mvua yake kwingine. Kwa mwaka hupata takriban milimita 350 tu, kiasi ambacho mkulima wa mahindi hawezi kukitegemea. Hadithi inayopendwa na waongoza watalii ni kwamba vinamasi hulishwa na theluji ya kileleni inayoyeyuka. Ni hadithi tamu, na picha ya ndovu mbele ya kilele cheupe huifanya iaminike. Lakini barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912, ilhali vinamasi vya Amboseli vilipanuka katika nusu ya pili ya karne iliyopita. Hata barafu iliyobaki, sehemu yake kubwa hugeuka mvuke moja kwa moja kwa jua kali na hewa kavu ya juu, bila kupitia hali ya maji. Kinacholisha chemchemi ni mvua inayonyesha kwenye msitu wa ubavuni mwa mlima, ikazama katika miamba ya volkano yenye vinyweleo, ikasafiri chini kwa chini na kuchomoza uwandani. Anayelilia theluji na asiulize habari za msitu analia kwenye msiba usio wake.

Jambo hili lina uzito hasa kwa sisi wa upande wa Kitengela. Mvua ya msitu huohuo hulisha chemchemi za Nol Turesh karibu na Loitokitok, na kutoka huko bomba kuu husafirisha maji hadi Kajiado, Machakos na Athi River, mlangoni petu. Kwa hiyo mkazi wa mjini anayefungua mfereji na kiboko wa Enkongo Narok wanakunywa kutoka mlima mmoja. Mkazi huyo huenda hajawahi kufika Amboseli, na huenda anaamini kwamba kinamasi ni jambo la watalii na Wizara ya Utalii. Tayari yeye ni mbia wa kinamasi, apende asipende, na swali la nani alipie uhai wa vinamasi linamhusu kabla ya kumhusu Mjerumani mwenye kamera.

Sasa twende kwenye nyasi. Mtu angetarajia kwamba mnyama aliyepata maji na majani ya kudumu mwaka mzima hana sababu ya kuondoka. Ukweli ni kwamba punda milia na nyumbu huondoka mara tu mvua zinapoanza, na huondoka kwa haraka. Mimea ya kinamasini ni mingi lakini ni duni: migumu, yenye nyuzi nyingi, ya kujazia tumbo. Nyasi fupi zinazochipuka kwenye tambarare za nje baada ya mvua ni chache kwa kipimo cha uzani lakini zina protini na madini, na ndizo humpa jike maziwa na kumpa ndama mifupa. Ndiyo maana wanyama hutawanyika hadi Eselenkei, Mbirikani na Olgulului, wakizunguka eneo la maelfu ya kilomita za mraba, wakati hifadhi yenyewe ina kilomita za mraba 392. David Western, aliyeanza kuwafuatilia wanyama wa Amboseli mwaka 1967, alilionyesha hili kwa hesabu za miaka mingi: hifadhi ni kimbilio la kiangazi, na kimbilio si makao. Mgeni anayefika Aprili akakuta tambarare tupu na kunung'unika kwamba ametapeliwa, kwa kweli ameona nusu ya pili ya ukweli ambayo wenzake wa Agosti hawaioni. Msongamano unaowapendeza hao wa Agosti ni dalili ya uhaba ulioko nje. Wanyama hao wamekusanyika kwa kukosa pa kwenda, na kamera haiwezi kulionyesha hilo.

Wafugaji walilijua hili kabla ya mtafiti yeyote. Wamaasai wa Ilkisonko walikuwa wakitumia vinamasi vilevile kwa mpango uleule: mvua zikinyesha, ng'ombe hupelekwa mbali kwenye nyasi fupi, kiangazi kikikaza, hurudishwa kwenye maji. Kinamasi kilikuwa akiba, na akiba haiguswi wakati wa neema. Huo ndio mpango uliokatwa vipande viwili mwaka 1974, serikali ilipotangaza Mbuga ya Kitaifa ya Amboseli na kuwataka wafugaji wabaki nje. Nitaurudia mwaka huo, kwa sababu deni lake bado halijalipwa.

Kama kuna anayeona kwamba nazidisha umuhimu wa nchi kavu, ushahidi hauko mbali. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1946. Ina kilomita za mraba 117 tu, na upande wake wa kusini, penye Mto Mbagathi ambao wenyeji huuita Empakasi, haukuwekewa ua. Uwazi huo haukuwa uzembe. Mbuga ya Nairobi ilikuwa ikifanya kazi ileile inayofanywa na vinamasi vya Amboseli: kiangazi nyumbu na punda milia waliingia kufuata maji ya mto na mabwawa, na mvua zilipoanza walivuka kwenda kuzaa kwenye tambarare za Athi na Kaputiei, yaani Kitengela, Isinya na kuendelea. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa tambarare hizo walihesabiwa karibu 30,000. Miaka thelathini na kitu baadaye walikuwa wamebaki elfu chache, na msafara wao wa kuingia na kutoka mbugani, ambao zamani ulitajwa pamoja na ule wa Serengeti, umekufa. Hakuna aliyeyakausha mabwawa ya mbugani. Maji yapo, mto upo, askari wa wanyamapori wapo. Kilichoondoka ni upande wa pili.

Uliondokaje? Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988 kwa wanachama zaidi ya 200, kila mmoja akapata kipande chake na hati yake. Ugawaji huo ulikuwa na sababu nzuri, maana wanachama walikuwa wamechoshwa na kamati zilizouza au kukopa kwa jina la wote. Karibu wakati huohuo eneo la viwanda vya kuuza nje, EPZ, lilianzishwa Athi River, na wafanyakazi walihitaji pa kulala. Ekari mia ikawa ekari kumi, kumi ikawa ploti za futi hamsini kwa mia, na kila ploti ikazungushiwa seng'enge hata kabla ya msingi kuchimbwa, ili jirani asije akasogeza mpaka. Yakafuata matimbo ya mawe, mashamba ya maua, mabomba, barabara. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta watu zaidi ya 150,000 Kitengela. Ukiangalia uzio mmoja mmoja, hakuna uliomzuia nyumbu, angeweza kuuzunguka. Ni jumla yake iliyomzuia, na jumla hiyo haikuamuliwa na mtu wala ofisi yoyote. Hili ndilo linalonitia hofu zaidi ya ujangili. Jangili ana uso, anakamatwa, anafikishwa mahakamani. Ua wa ploti una hati miliki, na anayeujenga ni mwalimu, nesi au dereva anayetafuta pa kulea watoto wake kwa haki kabisa.

Msafiri anayetoka Nairobi kwenda Amboseli kwa njia ya Namanga hupita katikati ya somo hili lote bila kulisoma. Huingia Kitengela akilaani foleni, hupita Isinya, mji wa Kajiado na Ilbissil akisinzia, hufika Namanga akakunja kushoto, na huanza kuinua kamera baada ya geti la Meshanani. Wengi siku hizi hupitia Emali na Kimana kwa sababu lami ni nzuri, na wenye uwezo huruka kwa ndege ndogo hadi ndani ya mbuga. Kila njia mpya inapunguza nchi kavu ndani ya safari. Kwangu mimi kipande cha Kitengela hadi Ilbissil kina mafunzo kuliko kilomita yoyote ya ndani ya mbuga, kwa kuwa ni kama ngazi. Chini kabisa, Kitengela, ploti zimejaa. Isinya zimepimwa na kuuzwa ingawa nyingi hazijajengwa. Kupita Kajiado ardhi bado imefunguka na mbuzi wa mtu bado huchanganyika na swala. Kila hatua ya kusini ni miaka kadhaa nyuma. Anayetaka kujua Amboseli itakuwaje baada ya kizazi kimoja asihangaike na watabiri. Na asafiri kwa barabara, macho wazi.

Kimana tayari imeanza kushuka ngazi hiyo, tena kutoka upande wa maji. Mashariki mwa mbuga kuna vinamasi vingine vinavyolishwa na mlima huohuo, Kimana na Namelok, na hivyo havikuingizwa ndani ya mpaka wa 1974. Vikawa mashamba. Nyanya na vitunguu vya Kimana hufika soko la Nairobi na la Mombasa, na si haki kuvidharau, kwa kuwa vimesomesha watoto wengi. Hata hivyo kinamasi kilicholimwa hakimpokei tena mnyama wa kiangazi, wala ng'ombe. Mashamba yakawekewa nyaya za umeme miaka ya 1990 ili kuwazuia ndovu, na ndovu aliyezuiwa Namelok hubaki Longinye, akaongeza msongamano. Ardhi ikafuata mkondo uleule wa Kitengela: ranchi ya pamoja ikagawanywa, vipande vikauzwa. Mwaka 2020 kampuni moja ilianza kusafisha ekari 180 karibu na Kimana kwa ajili ya maparachichi, kwenye njia ya ndovu kati ya Amboseli na Tsavo. Majirani na wahifadhi walipinga, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ikausimamisha mradi baada ya kwanza kuuidhinisha, na mwaka uliofuata baraza la rufaa za mazingira likaunga mkono usimamishaji huo. Wengi walishangilia. Nami naona shangwe ilikuwa ya haraka, kwa sababu shamba moja kubwa lenye jina lilizuiwa, na ploti ndogo mia zisizo na jina ziliendelea kuuzwa wiki ileile.

Lipo pingamizi la kwanza, nalo linaletwa na watu wenye takwimu. Wanasema: ndovu wa Amboseli wameongezeka. Cynthia Moss na wenzake, walioanza utafiti wao mwaka 1972 na kumjua kila ndovu kwa sikio na pembe zake, wameshuhudia idadi ikipanda kutoka takriban 500 miaka ya mwisho ya sabini hadi zaidi ya 1,500. Kama nchi kavu inafungwa, mbona ndovu wanazidi? Jibu liko kwenye miti. Katikati ya karne iliyopita, kati ya vinamasi palikuwa na misitu ya migunga ya njano. Imekwisha karibu yote. Mwanzoni watafiti, Western akiwa miongoni mwao, walidhani maji yamepanda na kuleta chumvi iliyoua mizizi. Baadaye vipande vya ardhi vilizungushiwa waya wa umeme ili ndovu wasifike, na humo ndani migunga ikaota na kuwa msitu tena, penye udongo uleule. Ujangili na watu vilikuwa vimewasukuma ndovu wabaki ndani ya mbuga mwaka mzima, nao wakala kila kilichochipua. Miti ilipokwisha, wanyama wanaoitegemea, tumbili wakiwemo, walipungua. Kwa hiyo idadi ya ndovu ikitazamwa peke yake hudanganya. Ndovu ni mnyama wa mwisho kuumia, kwa kuwa ana nguvu ya kula asichoweza mwingine na kuuvunja ua akiamua. Nyumbu hana nguvu hizo. Katika ukame wa 2009 sehemu kubwa mno ya nyumbu na punda milia wa Amboseli walikufa, na ng'ombe wa majirani nao pia, wengine wakianguka mita chache kutoka kwenye maji. Hawakufa kwa kiu. Walikufa kwa njaa, kinamasi kikiwa kimeliwa hadi kwenye matope na nje kukiwa hakuna kitu. Mwaka 2022 ukame ulirudi, na ndovu nao hawakupona: serikali ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba nchi ilipoteza ndovu 205 na nyumbu 512 kwa ukame, na Amboseli ilitajwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi.

Pingamizi la pili ni la watu wasiopenda matatizo marefu. Wekeni ua, wanasema, mlinde kilichobaki, na kila mtu aishi na chake. Nakuru ina ua. Milima ya Aberdare ina ua wa umeme wa kilomita takriban 400 uliokamilika mwaka 2009, na wakulima wa pale wanaushukuru. Sina ugomvi na ua wa Aberdare: mlima wenye msitu na mito una chakula cha mwaka mzima ndani yake. Amboseli haina. Kuzungushia ua kilomita za mraba 392 zenye milimita 350 za mvua ni kuwafungia wanyama ghalani na kuwaacha wamalize. Nakuru yenyewe inatupa onyo jingine. Ziwa lilipoanza kupanda baada ya mwaka 2010, lilimeza geti kuu, barabara na malisho, na wanyama waliokuwa ndani ya ua hawakuwa na pa kurudi nyuma. Maji ya nchi hizi hupanda na kushuka kwa miongo. Mpaka wa kudumu juu ya maji yasiyodumu mahali pamoja ni dhana ya watu wa ramani.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu, na wanaolitoa ni wenye ardhi. Wanauliza kwa haki gani mtu wa Nairobi, aliyekwisha kujenga nyumba yake ya mawe na kuizungushia ukuta, anamwambia Mmaasai wa Olgulului asiuze, asilime, asiweke seng'enge, ili pundamilia wapate kupita. Historia iko upande wao. Mwaka 1974 waliambiwa waachie vinamasi, na badala yake wangepata maji ya bomba nje ya mbuga na sehemu ya mapato. Bomba lilijengwa, Benki ya Dunia ikasaidia kugharamia, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mfumo ulikuwa umezorota, pampu zimenyamaza na ng'ombe wamerudi vinamasini. Fidia ya mifugo inayoliwa na simba imekuwa ya kusuasua, na matokeo yake tunayajua. Juni 2012 wakazi wa Kitengela waliua simba sita kwa siku moja baada ya kuvamiwa mazizini. Mei 2023, kandokando ya Amboseli, Loonkito, dume mzee wa miaka 19 hivi, aliuawa zizini Olkelunyiet, na ndani ya juma moja simba kumi walikuwa wamekufa, sita kati yao baada ya kula mbuzi wa watu. Magazeti ya ulimwengu yalimlilia Loonkito kwa jina. Mbuzi hawakuwa na majina, na wenyewe hawakuhojiwa.

Kwa hiyo sisemi kwamba mwenye ardhi ajitolee. Nasema alipwe, na alipwe kama mzalishaji anavyolipwa, kila mwaka, kwa bidhaa inayojulikana: ardhi iliyo wazi. Jambo hili limejaribiwa hapahapa. Mwaka 2000, kwa juhudi za marafiki wa Mbuga ya Nairobi, ulianzishwa mpango wa kukodi ardhi Kitengela. Mwenye ardhi alipokea dola nne kwa ekari kwa mwaka, kwa sharti kwamba hataweka ua, hatachimba mawe, hatauza vipande. Malipo yaligawanywa mara tatu na kutolewa shule zinapofunguliwa, ubunifu mdogo wenye akili kubwa, maana karo ndiyo iliyokuwa ikiwalazimisha wazazi kuuza ekari moja moja. Familia mamia zilijiunga, na kwa miaka kadhaa vipande vilivyokodiwa vilibaki wazi. Lakini mpango ulitegemea wafadhili, na mfadhili hulipa kwa muhula wake, na bei ya ardhi haikungoja muhula. Dola nne haziwezi kushindana na dalali wa ploti penye lami na stima. Lazima tukubali bila kuzungushana kwamba kwa sehemu kubwa ya Kitengela saa hiyo imepita, na kwamba pesa za uhifadhi zinazomiminwa leo kwenye ekari chache zilizobaki karibu na mji zingekodi eneo kubwa mara nyingi zaidi huko Kajiado Kusini. Wahifadhi wa Nairobi hawapendi kusikia hili. Wana haki ya kulipenda walilozaliwa karibu nalo, ila hesabu haipendelei mtu.

Huko kusini mpango wa kukodi umeonyesha kwamba unaweza kufika mbali. Mwaka 2013 shirika la kimataifa la ustawi wa wanyama, IFAW, lilikodi ekari 16,000 za Kitenden kutoka kwa wanachama wa ranchi ya Olgulului/Ololarashi, kwenye njia ambayo ndovu huitumia kwenda Kilimanjaro. Kimana ilikuwa imefungua hifadhi ya jumuiya mapema, mwaka 1996. Udhaifu ni uleule: anayelipa ni mgeni mwenye hiari. Kwa miaka mingi mapato ya getini yalikwenda kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ambalo liliyatumia kulisha na mbuga nyingine zisizojimudu, na hiyo ilikuwa hoja ya haki waliyoitoa. Kaunti nayo iliyadai. Mwaka 2005 Rais Mwai Kibaki alitangaza kuishusha hadhi Amboseli na kuikabidhi kwa baraza la kaunti la Olkejuado. Mahakama ikabatilisha tangazo hilo baadaye, na mvutano ukaendelea kwa miaka. Mvutano huo ulikuwa wa nani ashike geti. Mwenye ekari sitini huko Eselenkei, ambaye nyumbu walizaa kwake Aprili, hakuwamo katika upande wowote. Ningependekeza sheria iseme wazi kwamba sehemu maalumu ya kila tiketi ya Amboseli, yeyote atakayeshika geti, iende moja kwa moja kwenye kodi ya ardhi iliyo wazi nje ya mbuga, na kwamba bili ya maji ya Nol Turesh iwe na senti chache za msitu na nyanda. Najua wa Kitengela atapiga kelele kuhusu bili. Analipia tayari maji ya boza kwa bei mara nyingi zaidi, na boza hilo halilindi chemchemi yoyote.

Wengine wanatarajia wokovu kutoka mikataba ya kimataifa. Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, ambao Kenya ilijiunga nao 1990, unatambua ardhioevu sita nchini, kutoka Nakuru hadi delta ya Tana, na hakuna hata moja iliyo Kajiado. Kuiingiza Amboseli kwenye orodha kungekuwa heshima nzuri. Ila Nakuru na Naivasha ziko kwenye orodha, na wote tunajua kinachozizunguka. Orodha ya namna hiyo huchora mstari kuzunguka maji, nami nimeeleza kwa nini mstari huo uko mahali pasipofaa.

Uamuzi wenye uzito unafanyika sasa, na unafanyika kwa Kimaasai, kwenye mikutano ya wanachama wa Olgulului/Ololarashi, ranchi inayoizunguka mbuga karibu pande zote na ambayo ugawaji wake umeanza. Mpango wa usimamizi wa mfumo wa Amboseli wa mwaka 2020 hadi 2030 upo. Hata hivyo ugawaji hauwezi kuzuiwa, na baada ya yale yaliyofanywa na kamati za ranchi nyingi sidhani kwamba unapaswa kuzuiwa. Linalowezekana ni kugawa kwa akili: ploti za makazi zipangwe pamoja, maji na shule vikiwa karibu, na eneo la malisho libaki bila ua hata likiwa na majina ya watu. Sheria ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 1999 inaruhusu masharti ya hifadhi kufungwa kwenye ardhi yenyewe, yakamfuata kila atakayeinunua, na inataka mwenye ardhi afidiwe kwa kile anachokosa. Hati za Kitengela za 1988 zilitolewa bila sharti wala malipo ya namna hiyo, kwa sababu sheria hiyo haikuwepo. Za Olgulului zinaandikwa ikiwepo, na fedha za kuyalipia masharti hayo hukusanywa kila asubuhi kwenye geti la Meshanani na la Kimana.